UZI: Unatoka baridini unashuka Kyela, Usangu au Kilombero? Jiandae kama mgeni

Tabibu_Uporoto

Kamwene wakuu.

Uzi huu nawaandikia watu wa Makete, Njombe, Mufindi na Mbeya mjini wanaoshuka kwenye joto: anayefuata mchele Kyela au Ubaruku, anayekwenda kuvuna Kilombero, anayewahi msiba, anayepeleka familia Matema kuogelea. Ushauri wa afya ya msafiri tumezoea kuuona ukiandikiwa mgeni anayetua na ndege kutoka Ulaya. Mtu wa Bulongwa kule Makete akiuona anaupita, kwa sababu anasafiri ndani ya nchi yake. Kwa malaria, huyo naye ni mgeni kabisa.

Sababu iko kwa mbu. Kimelea cha malaria kali kikishaingia tumboni mwa mbu kinahitaji joto ili kikomae. Wastani wa joto ukiwa chini ya nyuzi 18 hivi kinadumaa, na mbu anakufa kabla hajawa na cha kuambukiza. Ndiyo maana upimaji wa kitaifa unakuta malaria Njombe kwa watoto chini ya asilimia 1. Neema hiyo ina gharama. Mwili ambao haujawahi kupigana na malaria haujui pa kuanzia. Mtu mzima wa Kyela aliyeugua mara nyingi utotoni anaweza kubeba vimelea akasikia uchovu na kichwa tu. Wa Makete, kwa mbu yuleyule, anaweza kuanza homa Jumatatu na Jumatano akawa anaweweseka. Nawe mzaliwa wa Kyela uliyehamia Njombe miaka mingi, usijihesabu mwenyeji. Kinga ile hupungua mtu akikaa mbali na maambukizi.

Kinachokosewa zaidi ni hesabu ya siku. Tangu mbu akuume hadi homa ianze hupita angalau siku 7, mara nyingi 9 hadi 14. Homa ya siku ya tatu baada ya kufika Kyela haijatoka Kyela; tafuta chanzo kingine, au uliibeba kutoka safari ya nyuma. Ile inayokuja wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, nguo za safari zimeshafuliwa na umeshasahau, hiyo ndiyo inayoua. Zahanati ya kwenu haioni malaria kila siku. Mtu akija na homa na kutetemeka mwezi wa saba, mhudumu atafikiria nimonia. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimetoka Kyela tarehe fulani." Isemwe kwa homa yoyote ndani ya miezi 3 tangu urudi, hata kama hukuulizwa.

Karibuni kwa maswali. Wenzangu wa famasia na maabara wakipita wajazie.

Binti Makete

Shikamoo dokta. Tunashuka Ipinda siku 6, mimi na mtoto wa miaka 3, ana kilo 13. Huku tunaambiwa umeze SP, ile dawa ya malaria, vidonge vitatu kabla ya kuondoka inatosha. Ni kweli?

Mfamasia Mafinga

Dada, pole na maandalizi, na hapana, SP usiitegemee. SP inayotolewa kliniki ni ya mama mjamzito, kwa ratiba maalumu kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita. Vimelea vya ukanda wetu vimeizoea kiasi kwamba msafiri asiye na kinga hawezi kuiegemea. Klorokwini ndiyo kabisa, nchi iliiacha tangu 2001.

Dawa za kinga za msafiri ni tatu, zote kwa cheti cha daktari.

Atovakoni-proguanili. Kila siku kidonge kimoja pamoja na chakula, unaanza siku 1 au 2 kabla ya kushuka, unaendelea kila siku ukiwa huko, na siku 7 baada ya kurudi. Kwa siku zako 6, ukianza siku moja kabla, ni vidonge 14. Mtoto wa kilo 11 hadi 20 hutumia kidonge cha watoto kimoja kwa siku, chenye robo ya nguvu ya kile cha mtu mzima. Ni ghali, na duka la dawa muhimu la kijijini huwezi kuikuta. Agiza famasia kubwa ya Mbeya au Iringa wiki moja mbele.

Doksisaiklini miligramu 100, moja kwa siku. Bei yake ni rahisi. Inaanza siku 1 au 2 kabla, lakini baada ya kurudi inaendelea wiki 4 kamili. Safari ya siku 6 ni kapsuli 35, na hapa ndipo wengi wanaharibu: wakifika nyumbani wanaacha. Mtoto chini ya miaka 8 hapewi, mjamzito hapewi. Imeze na glasi nzima ya maji baada ya kula, na usilale kwa nusu saa. Kapsuli ikinasa kooni inachoma kama kidonda. Pia inafanya ngozi iungue na jua, kwa hiyo anayekwenda kushinda shambani avae kofia pana na mikono mirefu.

Meflokwini ni mara moja kwa wiki, inaanza wiki 2 hadi 3 kabla na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi. Haifai kwa mwenye kifafa au aliyewahi kuugua sonona au ugonjwa wa akili. Msiba hautoi notisi ya wiki tatu, ndiyo maana inawafaa zaidi wanaohamia kikazi.

Kwa mtoto wako, ile ya kwanza ndiyo ya kumuuliza daktari. Usipoipata, chandarua ndicho dawa yako, na hapo usilegeze hata usiku mmoja. Dawa mseto ya ALu (artemeta na lumefantrini) ni ya kutibu. Usiigeuze kinga.

Kijana wa Ubaruku

Niongezee kwenye chandarua, maana wageni wa majarubani wanakikosea hata wakiwa nacho.

Ukifika gesti, kabla hujaweka begi, kishushe chandarua kilichofungwa fundo juu. Washa tochi ya simu ukiwa ndani yake, mwanga uelekee nje, tazama pembeni chini ambako kinakatikia kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Tundu linalopitisha penseli linapitisha mbu. Kama huna sindano, kusanya kitambaa cha eneo lenye tundu, zungushia uzi au mpira wa noti, kaza. Fundo lile linatosha kwa safari nzima. Kisha chomeka chini ya godoro pande zote nne ukiwa ndani, jua bado halijazama. Chandarua cha duara cha gesti kwa kawaida ni chembamba kwa kitanda cha futi 5, kinagusa mwili. Mbu hasubiri tundu: kiwiko kikiegemea nyavu anakuuma kwa nje. Vuta godoro katikati, au lala kichwa kikiwa usawa wa pale kilipotundikwa.

Ukiwa na nafasi beba cha kwako chenye dawa. Kipya kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kulalia. Juani dawa inaharibika.

Mbu wa malaria anauma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri. Kwenye msiba watu wanakaa nje kwenye turubai hadi usiku wa manane, na chandarua kiko chumbani. Hapo unahitaji suruali ndefu, soksi, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET asilimia 20 hadi 50. Ya asilimia 20 inakushikilia saa 4 hivi. Mkeshani upake tena. Kama unapaka na mafuta ya kukinga jua, yale yatangulie, DEET ifuate juu. Mtoto mdogo apakwe na mtu mzima, isiguse viganja maana vitaingia mdomoni.

Mama Parachichi

Asanteni kwa elimu hii. Na nikipata homa, nikapimwa nikaambiwa "malaria moja na taifodi"? Kila ukienda wanasema hivyo.

Maabara_Rungwe

Swali zuri mama, na ndilo linalokula hela za watu.

Kipimo cha haraka cha kidole kinatafuta protini ya kimelea. Kikisoma ndiyo, na hukuwahi kutibiwa karibuni, kiamini. Lakini protini ile hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Uliyemaliza ALu wiki mbili zilizopita ukipimwa kwa kidole unaweza kuambiwa bado unayo wakati huna. Hapo omba hadubini, wahesabu vimelea. Kikisoma hapana na homa inaendelea, rudia baada ya saa 12 hadi 24, hasa wewe wa kutoka baridini, maana unaweza kuugua vibaya ukiwa na vimelea vichache mno ambavyo kipimo cha kwanza kilivikosa.

Taifodi ndiyo yenye tatizo. Kipimo kinachotumika sana, Widal, hakitafuti bakteria. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliwahi kutengeneza, na kinaweza kusoma ndiyo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine, hata malaria yenyewe. Widal moja peke yake haithibitishi kitu. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, na kinatakiwa kichukuliwe kabla hujameza antibiotiki. Kinafanyika hospitali kubwa zenye maabara ya kuotesha.

ALu kwa aliyepimwa akakutwa nayo, kilo 35 na zaidi: vidonge 4 kwa dozi, dozi 6, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata kila saa 12. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kila dozi. Imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa, karanga, parachichi lako hilohilo mama, maana bila mafuta lumefantrini, ile sehemu ya pili ya dawa hiyo, hainyonywi vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi nzima. Homa huwa inashuka siku ya pili, na ndipo watu wanatunza vidonge vilivyobaki "vya akiba". Vimelea vilivyobaki huanza upya.

Tabibu_Uporoto

Naomba nisisitize baada ya mkuu wa maabara. Asiyeweza kukaa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayepumua haraka, mwenye mkojo wa rangi ya kokakola au macho ya njano, huyo si wa vidonge. Ni sindano ya artesuneti, na ni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwanafunzi_Iyunga

Wakuu, sisi tunakwenda Matema Pasaka, wanafunzi 30. Watu wanasema Ziwa Nyasa halina kichocho pale kwa sababu ni mchanga safi na mawimbi.

Maabara_Rungwe

Mdogo wangu, hilo ndilo lililowaangusha wengi upande wa Malawi. Cape Maclear ilisifika hivyo hivyo, mchanga mweupe maji maangavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakagundulika wageni waliopata kichocho pale. Konokono mmoja wa ziwa lile anaishi kwenye mchanga wazi, hahitaji matete. Waliochunguza wanahusisha kuongezeka kwake na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono karibu na ufuko.

Kinavyoingia: mtu mwenye kichocho anakojoa majini, mayai yanaanguliwa, vinaingia kwenye konokono, baada ya wiki kadhaa konokono anatoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho. Hivyo vinatoboa ngozi nzima, isiyo na jeraha, ndani ya dakika chache. Vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kuoga saa moja asubuhi hupunguza hatari lakini haiondoi. Kujisugua taulo mara tu unapotoka kunasaidia kidogo, usikutegemee.

Kupunguza: kaeni mbali na matete, midomo ya mito na sehemu kina mama wanapofulia. Midomo ya mito ikwepeni mara mbili, kuna mamba. Maji ya ziwa ya kuogea gesti yakikaa kwenye tanki saa 48 bila konokono, viluwiluwi vimekufa. Au yapashwe hadi nyuzi 50 kwa dakika 5, yaani moto kiasi kwamba mkono hauvumilii, kisha yaachwe yapoe.

Sasa kosa kubwa: msinywe prazikwanteli, dawa ya kichocho, Jumatatu mkirudi. Dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaiacha. Subirini wiki 6 hadi 8 tangu mguso wa mwisho na maji, mpime, kisha mtibiwe, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, baada ya kula. Mkojo wa kupima kichocho cha kibofu uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mkimbie kidogo kwanza, na yale matone ya mwisho ndiyo yenye mayai. Ukileta mkojo wa saa kumi na mbili asubuhi kwenye chupa ya maji tunaweza tusione kitu.

Katikati ya wiki ya 2 na ya 8 mtu anaweza kupata homa, kikohozi, vipele vya kuwasha na tumbo. Ni mwili unapambana na minyoo michanga. Kipimo cha mkojo wakati huo bado ni safi. Mweleze daktari mliogelea ziwani.

Mfamasia Mafinga

Hapo kwenye prazikwanteli kuna jambo la kwetu hapa hapa kusini ambalo halisemwi vya kutosha. Nyanda zetu zina nguruwe wengi, na tegu wa nguruwe yupo. Mtu anaweza kuwa na vifuko vya tegu huyo kwenye ubongo bila kujua. Prazikwanteli inaviua, vinavimba, anapata degedege. Kwa hiyo kabla ya kumeza dawa ya kichocho, kama umewahi kuanguka kifafa, kupata degedege ukubwani, au kichwa kikali kisichoeleweka, mwambie daktari kwanza. Atakupima kabla.

Kijana wa Ubaruku

Mkuu, hebu fafanua. Ubongoni vinafikaje? Mimi najua kitimoto isiyoiva inaleta mnyoo tumboni.

Mfamasia Mafinga

Ni njia mbili tofauti. Nyama yenye punje, vile vifuko vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele hadi harage dogo ndani ya msuli, ukiila mbichi unapata mnyoo mrefu utumboni. Huyo mnyoo anatoa mayai kwenye kinyesi chako. Anayemeza mayai hayo, kwa mkono usionawa, kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu, au maji ya kisima, ndiye vifuko vinamwota kwenye misuli na ubongo. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kupata kifafa cha tegu kwa sababu ya aliyemhudumia chakula.

Kwa msafiri: kitimoto iwe imechemshwa au kukaangwa hadi katikati ya kipande kinene hakuna wekundu na maji yake si ya pinki. Shida ya kwenye mabanda ni vipande vikubwa juu ya moto mkali, nje kahawia ndani mbichi. Omba wakate vidogo warudishe jikoni. Kachumbari pita nayo mbali, kula matunda unayomenya mwenyewe. Ukiona vipande bapa vyeupe kama utepe kwenye choo, nenda kapate dawa upesi, kwa ajili ya watu unaokaa nao nyumba moja.

Mama Parachichi

Na maji? Sisi Kitulo tunaambiwa maji hayaivi kwa sababu ya mlima.

Tabibu_Uporoto

Yanachemka kwenye joto la chini zaidi, mama. Mbeya mjini, kama mita 1,700, yanachemka karibu nyuzi 94. Kitulo, mita 2,600, karibu 91. Hilo joto bado linaua kipindupindu, taifodi na amiba, ila mpe muda. Chini ya mita 2,000 ni dakika 1 tangu mapovu makubwa yaanze kugeuka, juu ya hapo dakika 3. Yapoe kwenye chombo hichohicho kikiwa kimefunikwa.

Kinachoharibu kawaida ni kinachofuata: maji yaliyochemshwa vizuri yanamiminwa kwenye ndoo pana, watoto wanachota kwa kikombe na vidole ndani. Tumia dumu la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki.

Ukiwa safarini bila jiko, vidonge vya klorini. Soma pakiti, kwa sababu kuna cha lita 1 na cha lita 20, na watu wanavichanganya. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitenge safi kilichokunjwa mara nne. Tope linakula klorini. Subiri nusu saa. Maji ya mto Kiwira asubuhi ni ya baridi sana, yape saa nzima. Na hapana, kutoka mlimani hakuyafanyi kuwa salama, vijiji viko juu ya pale unapochota.

Kuhara kukikupata, ORS, ile chumvi ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Pakiti ya lita 1 inataka lita 1 kamili. Chupa za dukani ni nusu lita au lita moja na nusu, kwa hiyo pima: chupa mbili za nusu lita. Pakiti nzima kwenye nusu lita inakuwa na chumvi nyingi, inazidisha kuhara na kwa mtoto ni hatari. Huna pakiti: lita 1 ya maji salama, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu visivimbe. Ibaki saa 24 kisha imwagwe. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea apewe na zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10. Damu kwenye choo, au kuhara kama maji ya mchele bila kukoma, twende kituo.

Mzee wa Tunduma

Wanangu, mimi nauliza kwa niaba ya madereva wa Lubumbashi. Vijana wanafika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, wanaambiwa hawana kadi ya njano.

Tabibu_Uporoto

Shikamoo mzee. Kongo inataka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayeingia. Chanjo ni sindano moja, na cheti kinaanza kukubalika siku ya 10 baada ya kuchomwa. Kuchanja leo na kuondoka kesho hakusaidii. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali. Mwambie kijana asikubali kuchanjwa tena mpakani kwa sababu ya tarehe hiyo. Wanaotakiwa kumwona daktari kabla ya chanjo ni wenye mzio mkali wa mayai, wajawazito, wenye kinga dhaifu ya mwili, na wenye miaka 60 na zaidi wanaochanjwa mara ya kwanza. Wananunua kadi bila kuchanjwa, mzee wangu, na hiyo ndiyo inayonitia uchungu. Ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuutibu.

Na safari ile inapita Zambia na kuingia eneo la Katanga kule Kongo, malaria ni ya mwaka mzima. Chandarua cha kitanda cha kwenye lori wanakipuuza. Kipo cha kufunga kwa ndoano nne.

Neema wa Njombe

Wapendwa, mmezungumzia wanaoshuka. Kuna wanaopanda. Dada yangu na watoto wanatoka Kyela kuja kwetu mwezi wa sita, baridi kali. Nawaandalia nini?

Tabibu_Uporoto

Asante sana dada Neema. Mablanketi, soksi, kofia za watoto, hayo unayajua. La kufa na kupona ni jiko la mkaa.

Mgeni aliyezoea joto anatetemeka, mwenyeji kwa upendo anampelekea jiko chumbani, wanafunga dirisha wanaziba mwanya wa mlango kwa kanga. Watu wanaamini hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri mkaa uwe mwekundu, usio na moshi, ndipo wanauingiza. Mkaa ule mwekundu ndio unaotoa hewa yenye sumu kwa wingi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika damu mahali pa oksijeni. Dalili ni kichwa kizito, kichefuchefu, miguu kuishiwa nguvu. Mtu akiwa amelala hapati hata onyo hilo. Ukiona watu wote wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja asubuhi, na wakitoka nje wanapata nafuu, usifikirie chakula. Fikiria jiko.

Namna ya kufanya: washa jiko nje, pasha chumba mlango ukiwa wazi watu wakiwa macho, na jiko litoke nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Kulifunika kwa jivu na kuliacha hakutoshi. Usiku tumia chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, miguuni. Ukimkuta mtu amezimia, fungua mlango kwanza, mvute nje kwenye hewa, kisha hospitali apewe oksijeni. Kumnywesha maziwa hakusaidii na kunaweza kumpalia. Mjamzito apelekwe hata akijisikia vizuri, mtoto tumboni anaathirika zaidi.

Na kama mmoja wa watoto ana selimundu, baridi inaweza kumwamshia maumivu. Avae tabaka nyingi, anywe maji mara kwa mara hata asipohisi kiu, na dawa zake asizisahau Kyela. Akipata homa akiwa kwenu, kumbuka wametoka eneo la malaria: apimwe siku hiyohiyo.

Binti Makete

Dokta, la mwisho kwangu. Nimepata ile dawa ya mtoto, nimeambiwa niivunje nichanganye na uji. Akiitema?

Mfamasia Mafinga

Isage, changanya na kijiko kimoja tu cha uji wa maziwa, si bakuli zima, ili ujue ameimaliza. Mpe saa ileile kila siku, baada ya kula. Akitapika ndani ya saa moja, rudia kidonge kizima, na nunua kimoja au viwili vya ziada kwa ajili hiyo. Zile siku 7 za mwisho mtakuwa mmesharudi Makete. Andika tarehe kwenye pakiti kwa kalamu leo hii, weka karibu na kijiko chake.